Mkate wa Wishwa

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, katika shule moja ya huku milimani Usambara, alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Tulikuwa tumealikwa na mwalimu wa fasihi tuzungumze na vijana juu ya ushairi, na mazungumzo yalikwenda vema mpaka tulipofika kwenye mlango wa fumbo. Tulikuwa tukiisifu lugha yetu, kama ilivyo ada yetu sisi watunzi, kwa uwezo wake wa kutamka neno moja na kukusudia jingine. Binti yule akanyosha mkono, akasimama, akaamkia, kisha akasema: "Mzee, naomba kuuliza. Mtu anayeujua ukweli lakini akausema kwa mafumbo, huyo ni mwenye hekima au ni mwoga? Na yule aliyemfanya aogope, je, hakuwa na sababu yake?" Tulimjibu maneno mawili matatu ya kupitisha wakati. Kengele ikalia, nasi tukaishukuru kengele.

Tuliteremka mpaka Lukozi kungoja gari. Ilikuwa siku ya soko. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, na wapagazi walikuwa wakipakia viazi, kabichi na karoti katika malori ya kwenda Tanga na Dar es Salaam. Tulikaa juu ya gunia tukalifikiri swali la yule binti, na kadiri tulivyolifikiri ndivyo tulivyoona kuwa ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza lamhusu mwenye kalamu, la pili lamhusu mwenye mhuri. Na sisi, kwa bahati njema au mbaya, tumevishika vyote viwili: tumekuwa watunzi wa mashairi tangu ujana, na tumekuwa watumishi wa serikali kwa karibu muda huo huo. Insha hii ni jibu letu tulilochelewa kumpa.

Jambo la kuzuia neno si geni duniani, wala halikuletwa na taifa moja. Mwaka 399 kabla ya Kristo watu wa Athens walimnywesha Socrates sumu, kwa shtaka kwamba aliwapotosha vijana kwa maswali yake. Mwanafunzi wake Plato, ambaye tungemtazamia awe mtetezi wa wasemaji wote, akaandika kitabu juu ya dola iliyo bora, na ndani yake akaona heri washairi waondolewe mjini. Huko Uchina mwaka 213 kabla ya Kristo mfalme wa kwanza wa Qin aliamuru vitabu vichomwe. Kanisa la Roma lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa tangu 1559, na orodha hiyo ilikomeshwa 1966, wakati ambapo Tanzania ilikwisha kuzaliwa. Twayataja haya kwa haraka ili tu mwanafunzi asidhani kuwa ugonjwa huu ni wa Afrika, au kuwa ni wa wakoloni peke yao. Lakini mifano ya mbali ina hatari yake: humfanya mtu atikise kichwa kwa masikitiko, kisha alale usingizi mnono. Heri tuanzie nyumbani, katika vilima hivi.

Washambaa wana maneno mawili mazito juu ya utawala. Kuna kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kuna kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme wa Kilindi aliyeketi Vugha alikuwa mwenye mvua. Alipokuwa na nguvu pekee yake, bila mpinzani, mvua ilinyesha, migomba ikazaa, nchi ikapona. Lakini walipotokea wenye nguvu wawili wakashindana, hali iliyoitwa nguvu kwa nguvu, mvua iliteka njia nyingine na njaa ikaingia. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekuja kujifunza kwa wazee wa huku katika miaka ya 1960, ameyaeleza mawazo haya kwa kirefu. Nasi twaomba msomaji asiyacheke kwa haraka. Ndani yake mna hoja iliyo imara kupita zote zilizopata kutolewa kwa ajili ya kunyamazisha watu. Hoja yenyewe ni hii: sauti nyingi ni vita, na vita ni njaa; basi atakayeizima sauti ya pili anamlisha mtoto wa maskini.

Historia nayo yaelekea kuishuhudia. Kimweri ya Nyumbai alitawala miaka mingi, na sifa za utulivu wa enzi yake zilivuma mpaka pwani. Alipofariki mwaka 1862, wana na wajukuu wakaanza kugombana. Semboja, aliyekaa Mazinde penye njia ya biashara na bunduki, akampiga vita mjukuu aliyerithi kiti, Shekulwavu, na watu wa nchi wakawa bidhaa ya kuuzwa pwani. Mzee aliyeyaona hayo akiwa mtoto, ukimwambia kuwa uhuru wa kusema ni mzuri, atakuuliza: kusema na nani, na kwa bunduki ya nani?

Hata hivyo tazama vema. Kilichoiharibu nchi baada ya 1862 hakikuwa wingi wa maneno. Zilikuwa bunduki na tamaa, na waliouzwa hawakuulizwa neno. Wabondei walipoinuka katika ile iitwayo Kiva wakawafukuza Wakilindi kwao, waliinuka baada ya malalamiko yao kukosa sikio. Nguvu kwa nguvu ilikuwa shindano la wenye nguvu. Mnyonge anayelalamika hana nguvu ya kushindana na mtu. Hapa ndipo hoja ya mwenye mhuri huteleza tangu zamani hadi leo: huchukua hofu yetu ya haki juu ya vita vya wakubwa, akaitumia kumziba mdomo mdogo. Tena tukumbuke, na hili tunalisema kwa kupitia tu, kuwa ukoo wa Kilindi wenyewe ulianzishwa na mtu aliyekataliwa. Mbegha mwindaji alifukuzwa kwao Nguu kwa sababu meno yake ya juu yalitangulia kuota, wakamhesabu kuwa kigego, mtoto wa nuksi. Habari hizo tunazisoma katika kitabu cha Abdallah bin Hemedi, *Habari za Wakilindi*, kilichopigwa chapa kwa mafungu katika kiwanda cha misheni ya Magila kati ya 1895 na 1907. Aliyefukuzwa kwa hofu akawa chanzo cha ufalme uliokuja kuwahofu wengine.

Mfano wa pili wa hapa petu ni wa matuta. Mlalo haiko mbali na Lukozi, na wazee wengi wa kata hizi walikuwa bado hai katika utoto wetu kuusimulia. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza iliona, na iliona sawasawa, kuwa udongo wa milima hii unachukuliwa na mvua. Mwaka 1946 ukaanzishwa mpango wa kuliokoa bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Watu waliagizwa kukata matuta mbavuni mwa vilima, wakakatazwa kuchoma majani, wakawekewa amri juu ya mifugo. Asiyetii alitozwa faini, na wengine walifungwa. Wenye kuzitekeleza amri hizo walikuwa machifu, watu wale wale ambao kazi yao ya asili ilikuwa kuiponya nchi.

Sasa, wataalamu walikuwa na ukweli wao. Lakini kulikuwa na ukweli mwingine ambao haukuwa na pa kusemewa. Kazi ya jembe huku ilikuwa mabegani mwa wanawake, na matuta yaliwaongezea siku za kazi wasizokuwa nazo. Ukikata tuta unafukua udongo wa chini usio na rutuba, na mwenye kishamba kidogo hana kishamba cha pili cha kulia wakati akingoja rutuba irudi. Maneno hayo yangesemwa barazani mwaka wa kwanza na kusikilizwa, yamkini mpango ungerekebishwa. Lakini baraza lilikuwa la kupokea amri. Aliyepinga aliandikwa kuwa mchochezi, na aliyenyamaza aliandikwa kuwa ameridhika. Ndipo watu wakaanza kusema kwa lugha yao ya zamani: hawa wanabana shi. Amri ya kilimo ikageuka kuwa uharibifu wa nchi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango wote ukaachwa, na TANU ikapata wanachama ambao hakuna hotuba iliyohitajika kuwaleta.

Twalitafakari jambo hili mara nyingi tuwapo ofisini. Anayezuia neno hudhani amemziba msemaji mdomo. Kumbe amejiziba yeye mwenyewe masikio. Afisa wa Mlalo hakuwa mjinga, wala si lazima awe mtu mbaya. Alipokea taarifa nzuri kila mwezi, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kumpelekea mbaya.

Serikali ile ile ilimkataza Mwalimu Nyerere kuhutubia mikutano ya hadhara kwa miezi kadhaa mwaka 1957. Mwaka uliofuata ikamshitaki kwa makala yaliyotoka katika *Sauti ya TANU* juu ya mabwana shauri wawili, ikamtoza faini ya paundi 150. Mwaka huo huo wahariri wa gazeti la *Mwafrika*, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, wakafungwa kwa kosa la uchochezi. Miaka 3 baadaye bendera ikateremshwa.

Turudi kwa mwenye kalamu, ambaye ndiye aliyemshughulisha zaidi yule binti. Fasihi yetu ina kisa cha kumjibu. Fumo Liyongo, kama anavyosimuliwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu katika utenzi wa 1913, na kama alivyosimuliwa na wengi kabla yake, alitiwa gerezani na mtawala wa Pate. Kila siku mjakazi Saada alimletea chakula kutoka kwa mamaye, na kila siku walinzi walikula kilicho kitamu wakamwachia makombo. Liyongo akamtuma Saada kwa mama kwa maneno ya shairi, mbele ya walinzi, nao wasifahamu. Mama akafahamu. Akapika mikate mizuri, na pamoja nayo akapika mkate mmoja mkubwa wa wishwa, na ndani ya mkate huo akaficha tupa. Walinzi wakala mizuri, wakamtupia mfungwa mkate wa wishwa kwa dharau. Usiku watu wa mji wakapiga gungu kwa matari na matoazi kama alivyowaomba, na katika kelele hizo Liyongo akakata pingu.

Tumeupenda mkate ule tangu utotoni, lakini ni hivi karibuni tu tulipoielewa maana yake. Mtu husema fumbo ni uwongo wenye adabu. La hasha. Mwongo humkusudia msikilizaji wake apotee. Mwenye fumbo humkusudia mmoja asielewe ili mwingine aelewe. Liyongo hakumdanganya mama yake. Maneno yake yalikuwa ahadi kati ya watu wawili wanaojuana, na ushujaa wa kisa kile, kwa maoni yetu, ni wa mama zaidi kuliko mwana, kwa maana kutunga fumbo kulihitaji akili, ila kulifumbua na kulitimiza kulihitaji mtu wa kuhatarisha jiko lake. Jambo jingine: walinzi waliukosa mkate ule si kwa upumbavu bali kwa ulafi na kiburi. Hawakudhani kuwa katika chakula cha makapi mnaweza kuwamo kitu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alizisema siasa za mji wake na Seyyid Said wa Unguja kwa beti ambazo watu walizihifadhi vifuani miongo mingi kabla hazijapigwa chapa. Neno lililofichwa ndani ya wishwa hukaa.

Lakini fumbo lina gharama yake, na hatuna budi kuisema mbele ya vijana. Tumchukue Shaaban Robert, ndugu yetu wa Tanga, mshairi na karani wa serikali. Aliajiriwa mwaka 1926 katika forodha, akahamishwa idara hadi idara, akamaliza utumishi katika ofisi za Tanga. Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake *Kusadikika*. Ni hadithi ya nchi iliyo angani, ambako Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Karama hajitetei kwa kujisifu. Anaeleza habari za wajumbe 6 waliotumwa na nchi yao pande zote, wakateseka, wakarudi na maarifa mema, kisha wakatiwa kifungoni kwa kuyaleta. Mwisho Karama anaachiliwa, na wale 6 wanafunguliwa. Wakoloni walikisoma wasione kitu, au waliona wakaona haya kukiri kuwa joho limewaenea. Mwandishi akapewa hata nishani ya Kiingereza.

Je, Shaaban alikuwa mwoga? Sisi tuliokaa kwenye kiti cha mbao cha ofisi, tukingoja mshahara wa mwisho wa mwezi, hatuna kinywa cha kumwita hivyo. Aliusema ukweli akiwa ndani ya nyumba ya mwenye kuuchukia, na aliusema kwa uzuri uliomzidi umri. Lakini gharama yake ndiyo hii: fumbo humpa kila msomaji nafasi ya kudhani linamhusu jirani. Tulipokisoma kitabu hicho shuleni tulifundishwa kuwa Kusadikika ni Tanganyika ya mkoloni, tukaandika hivyo katika mtihani, tukapata alama zetu. Hakuna aliyetuuliza kama Majivuno alipanda meli pamoja na gavana wa mwisho mwaka 1961, au kama alibaki.

Wako wengine waliochagua kusema waziwazi. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa na umri wa miaka 22 alipoandika karatasi ya kuuliza Kenya inakwenda wapi, mwaka 1968. Alifungwa miaka 3. Gerezani aliandika mashairi juu ya karatasi za chooni, na alipotoka mwaka 1972 akaja kufanya kazi Dar es Salaam, katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mashairi yale yakatoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka 1974 yakapewa tuzo iliyokuwa na jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Byron Kawadwa wa Uganda, mtunzi wa michezo ya kuigiza, alichukuliwa na watu wa Amin mwaka 1977 na kuuawa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo huo, baada ya mchezo ulioigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kwa Kikikuyu kupigwa marufuku; alikuwa amekwisha kuandika kwa Kiingereza miaka mingi bila kufungwa. Na riwaya yake *Matigari* ilipotoka, yasemekana polisi walitumwa kumsaka Matigari mwenyewe, mpaka walipogundua kuwa ni mtu wa kitabuni. Mwaka 1987 wakakikamata kitabu. Mtu aweza kucheka, lakini katika kicheko hicho mna somo kwa watunzi: mwenye mhuri mara nyingine humwamini mhusika wetu kuliko tunavyomwamini sisi.

Baada ya kusema haya yote, je, basi neno lolote lisizuiwe? Hapa twamwomba msomaji asimame nasi kidogo, kwa kuwa tusingependa kuwa wepesi. Kati ya 1993 na 1994 redio iitwayo RTLM ilitangaza huko Rwanda maneno ya chuki, na mauaji yalipoanza ikataja watu wa kuuawa na mahali walipojificha. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha, nchini mwetu, iliwatia hatiani mwaka 2003 waliohusika na redio ile na gazeti la *Kangura*. Hatujapata kumsikia mtu mwenye akili timamu akisema redio ile ilionewa. Kwa hiyo liko neno linalostahili kuzuiwa. Ila tukilitazama, ni neno la mwenye nguvu likimwelekezea panga mnyonge. Tumejaribu kulipima kila neno lililoletwa mezani kwetu kwa swali hili: likinyamazishwa, ni nani atakayekuwa salama zaidi, jirani au kiti? Kipimo hiki si kamili. Mwenye kiti ni mwepesi wa kuamini kuwa yeye ndiye jirani. Lakini hatujapata kilicho bora.

Na tuzungumze ya kwetu, maana wazee husema nyani haoni kundule. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilizuiwa isisomwe mashuleni kwa kuwa ilisema wazi yaliyowapata wasichana. Baadaye ikarudi mashuleni kama kitabu cha kiada, na mwalimu wa leo huifundisha pasipo wasiwasi. Tamthilia yake *Kaptula la Marx*, iliyoikejeli siasa ya wakati wake, iliandikwa miaka ya 1970, na haikupigwa chapa mpaka 1999. Adam Shafi wa Unguja, aliyetiwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, alingoja mpaka 2003 ndipo *Haini* ikatoka. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifunga gazeti, na sheria iliyoifuata ya 2016 ilikosolewa na Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2019 katika vifungu kadhaa. Magazeti yaliyofungiwa katika miaka hiyo, *Mwanahalisi*, *Mawio*, *Mseto* na *Tanzania Daima*, yalirudishiwa leseni Februari 2022. Hatuyaandiki haya kwa kumsimanga mtu. Twaona tu kuwa katika kila kisa, kilichozuiwa kilikuja kuruhusiwa baadaye, na nchi haikuanguka. Bali kuna waliokuwa wanafunzi katika miaka ya katikati, na hao hawakurudishiwa miaka yao.

Sasa tumefika mahali ambapo tungependa kengele ilie tena.

Miaka ishirini na kitu iliyopita tulikuwa katika ofisi moja ya serikali, na miongoni mwa kazi zetu ilikuwa kupitia nyimbo na ngonjera zitakazosomwa siku za sherehe. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta ngonjera ya wanafunzi wake. Ilikuwa nzuri. Mizani ilitimia, vina vilikaa, na ndani yake mlikuwa na beti 2 ambamo mtoto anauliza kwa nini gunia la viazi la baba yake hushonewa kilemba juu, likanunuliwa kwa bei ya gunia moja hali ni gunia na nusu. Lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza, na ambayo kila mtu sokoni aliiona kwa macho yake. Hapakuwa na tusi, wala jina la mtu. Lakini tulijua kuwa mgeni wa heshima angekuwapo, na kuwa miongoni mwa watakaoketi karibu naye wamo wenye malori. Tukazipigia mstari beti zile 2, tukazitoa. Hakuna mkubwa aliyetuagiza. Hakuna waraka uliotutaka. Tulimwambia mwalimu kuwa ni kwa ajili ya muda. Akasema, "Ndiyo, bwana," akachukua karatasi yake.

Siku ya sherehe watoto walisimama kwa mistari, wamepaka mafuta, wakaanza. Ngonjera, kama walimu wajuavyo, ni majibizano. Ukiondoa swali, jibu hubaki linaning'inia. Mvulana wa upande wa pili akajibu juu ya mizani na haki, kwa sauti kubwa na kidole juu, swali ambalo hakuna mtu aliyeliuliza. Watu wakacheka. Walidhani mtoto amesahau. Yule mvulana akatazama kushoto na kulia, akaendelea mpaka mwisho akitetemeka, na sisi tulikuwa tumeketi safu ya tatu chini ya turubai tukipiga makofi pamoja na wengine.

Yule binti wa kidato cha tatu aliuliza kama aliyetia hofu hakuwa na sababu. Sababu tulikuwa nayo. Tulikuwa na watoto wanaosoma, na cheo kidogo tulichokuwa tukikingoja. Na kuhusu mwoga: mwalimu yule aliyasema wazi kwa kinywa cha mtoto yale ambayo sisi, tuliokwisha kupata sifa kwa mafumbo yetu, hatukuyasema kwa namna yoyote. Katika kazi hii hatujamkuta Majivuno mwenye upanga. Tumekuta karani mwenye kalamu nyekundu, anayejikatia mwenyewe kabla hajakatwa.

Siku ile pale Lukozi, tukiwa juu ya gunia, tulimwona. Amestaafu, analima viazi, nywele zimekuwa nyeupe. Alituamkia kwa heshima zote kama alivyokuwa akifanya, akatuuliza habari za nyumbani na za watoto. Tulizungumza juu ya mvua za vuli na bei ya mbolea. Nyuma yake vijana walikuwa wakishona vilemba vya magunia kwa kamba ya katani. Mwishowe tukapata ujasiri, tukamwambia kuwa bado twaikumbuka ngonjera yake, na tukamwomba, kama hataona taabu, atusomee zile beti 2.

Alitutazama kwa upole. Akasema amezisahau, miaka ni mingi. Kisha akamwita mwanawe aje amsaidie kuinua gunia.